Jina kwenye Njia Panda

Mtoto akizaliwa, watu wa nyumbani huanza mara kuulizana: Ataitwa nani? Hapo mababu hukumbukwa, shangazi hutoa maoni yake, na mzee mmoja husema kwamba marehemu fulani asisahauliwe. Kisha siku ya Ubatizo jina hupelekwa mbele ya padre na kuandikwa katika kitabu cha parokia. Sisi Wakristu twajua kwamba jina si sauti tu ya mdomo. Jina ni kumbukumbu, tena ni agizo. Anayepewa jina la mtakatifu huambiwa: Tazama mwenendo wake, ufuate nyayo zake.

Mambo yaliyo ya mtoto ni ya mji pia. Mji nao huzaa barabara, madaraja, viwanja na njia panda, na kila kimoja chataka jina. Kati ya hivyo vyote njia panda ina heshima yake ya pekee. Barabara mtu huipita. Kwenye njia panda husimama. Hapo ndipo mgeni anapouliza njia, mama anapotandika mahindi na karanga zake, wafanyakazi wanapongoja gari la asubuhi. Mtu akielekezwa nyumba ya rafiki huambiwa: Ukifika kwenye njia panda ya fulani, shika mkono wa kuume. Basi jina lililowekwa hapo hutajwa maelfu ya mara kila siku, hata na watoto wasiojua kusoma.

Kwa hiyo ni swali kubwa, si dogo: Nani anastahili jina lake liwekwe mahali pa namna hiyo? Je, ni mkubwa wa serikali? Ni tajiri? Au ni mtu wa mtaani aliyewatumikia jirani zake? Wasomaji wapendwa, tusikimbilie kujibu. Tuanze kwanza na historia ya mji wetu wa Lubumbashi, maana mji huu umefundishwa sana juu ya majina, na mafunzo mengine yalikuwa machungu.

MJI WA MALKIA

Kabla ya mji kuwapo, mto ulikuwapo, nao uliitwa Lubumbashi. Nchi ilikuwa ya Walamba. Shaba ya Katanga ilichimbwa na kuyeyushwa na mababu zetu zamani sana kabla Mzungu wa kwanza hajaiona. Mgodi uliokuwa karibu uliitwa Kalukuluku. Wabelgiji walipoutwaa waliupa jina jipya, Étoile du Congo, maana yake Nyota ya Kongo. Tazameni: mgodi ulikuwa na jina, lakini aliyekuja hakuuliza.

Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika, na mji ukapimwa. Émile Wangermée, aliyeiongoza Katanga kwa niaba ya Ubelgiji, aliamuru barabara pana zilizonyooka, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Mji ukaitwa Élisabethville, kwa heshima ya Elisabeth, mke wa mfalme Albert wa Kwanza. Malkia huyo alikuwa hajawahi kuukanyaga mji wenye jina lake. Kongo aliiona mwaka 1928. Baadaye mtaa wa Waafrika, ambao leo ni komine ya Kamalondo, uliitwa Albert, jina la mume wake. Hivyo mke alipewa mji wa Wazungu, na mume akapewa mtaa wa Weusi, na kati ya hayo mawili paliachwa uwanda mtupu ili watu wasichangamane.

Sisemi kwamba wafalme hao hawakustahili heshima kwao. Nasema tu kwamba wenyeji hawakuulizwa. Mtu asipoulizwa, hulitumia jina anapokuwa ofisini, na nyumbani hutumia jingine. Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni kubwa ya shaba iliandikwa Union Minière du Haut-Katanga kwenye malango yake. Watu walisema Changa-Changa, yaani yule anayekusanya watu. Wazungu wengi walikuwa na majina mawili, moja la hati yao ya kusafiria na moja walilopewa na wapishi na maboi wao. Mwaka 1965 mtu mmoja wa mji huu, André Yav, aliandika kitabu kidogo kwa Kiswahili cha hapa petu juu ya historia ya Élisabethville. Ndani yake historia yasimuliwa na watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na mabwana wengi wametajwa kwa majina waliyopewa na Weusi. Kumbe, chini ya mji wenye vibao palikuwa na mji mwingine usio na vibao, na wenyeji waliutembea wote miwili bila kupotea.

MAJINA YA AMRI

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ilibadilisha majina ya miji mikubwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Jadotville ikawa Likasi, na Élisabethville ikachukua jina la mto wake, Lubumbashi. Wengi walifurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Barabara zilizokuwa na majina ya wafalme na maofisa zilipata majina mapya.

Lakini amri ikishaonja kubadilisha majina, haishibi upesi. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na Katanga nayo ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 amri iliingia hata ndani ya kisima cha Ubatizo. Majina ya Kikristu yalikatazwa. Mapadre walitishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina lililoitwa la kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Hapa kwetu Askofu mkuu Eugène Kabanga aliliongoza jimbo katika miaka hiyo migumu. Mwezi wa Machi 1976 alitoa barua ya kichungaji yenye jina ambalo kwa Kiswahili ni Mimi ni mtu. Ndani yake alikemea rushwa, woga na tabia ya kumfanya binadamu kuwa chombo cha wakubwa. Hakuhitaji silaha. Alikumbusha tu kwamba kabla ya cheo chochote kila mmoja wetu ana jina la kwanza, nalo ni mtu.

Mwaka 1997 Mobutu aliondoka. Zaire ikawa Kongo tena, na Shaba ikawa Katanga tena. Laurent-Désiré Kabila alijitangaza kuwa mkuu wa nchi akiwa hapa hapa Lubumbashi, tarehe 17 Mei, na leo barabara kubwa ya mji ina jina lake.

Tujifunze nini? Kwamba jina lililowekwa kwa amri peke yake hukaa kadiri amri inavyokaa. Mwenye kuliweka akianguka, nalo huanguka, na fundi hupanda ngazi na kibao kingine. Walakini jina ambalo mama wa nyumbani ameliweka moyoni halina ngazi ya kulifikia. Katika miaka ile ya katazo bibi wengi waliendelea kumwita mjukuu Yosefu au Maria nyuma ya mlango, na amri haikuwa na masikio ya kuwasikia.

NJIA PANDA MBILI ZA DAR ES SALAAM

Sasa twende kidogo ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kwa jirani zetu wa Tanzania, kwa sababu huko jambo tunalolitafuta limetendeka waziwazi katika siku zetu. Tena linawahusu watu wa Katanga zaidi ya wanavyodhani. Malori mengi yanayobeba shaba yetu hutoka hapa, hupita Kasumbalesa, huvuka Zambia, huingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, na huenda mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mjini humo dereva hufuata Barabara ya Morogoro mpaka Ubungo, hukata kulia kuingia Barabara ya Mandela, hupita Tazara, ndipo hufika bandarini. Ubungo na Tazara ni njia panda mbili zilizokuwa zikisifika kwa msongamano. Gari liliweza kusimama hapo muda mrefu, dereva akalala na kuamka.

Pale Tazara, Barabara ya Mandela inapokatana na Barabara ya Nyerere, palijengwa daraja la juu ili magari ya njia moja yapite juu ya mengine. Rais John Magufuli alilifungua tarehe 27 Septemba 2018, akalipa jina la Mfugale. Patrick Mfugale hakuwa mfalme wala kiongozi wa chama. Alikuwa mhandisi, mkuu wa wakala wa barabara wa Tanzania, mtu aliyetumia maisha yake katika madaraja na barabara za nchi yake. Alikuwa hai jina lake lilipowekwa, naye akafariki mwaka 2021.

Pale Ubungo palijengwa njia panda ya ngazi tatu, barabara moja juu ya nyingine. Ilifunguliwa tarehe 24 Februari 2021, ikapewa jina la Kijazi. John Kijazi naye alikuwa mhandisi. Alipata kuwa balozi, kisha Katibu Mkuu Kiongozi wa serikali. Alikuwa amefariki tarehe 17 Februari, wiki moja tu kabla. Rais aliyelitoa jina hilo naye alifariki tarehe 17 Machi, kabla ya mwezi kwisha tangu siku ya sherehe. Hivyo ndivyo ulivyo ufupi wa maisha yetu: mwenye kupewa jina na mwenye kulitoa hulala karibu pamoja, na magari yaendelea kupita.

Katika habari hii mambo mawili yanipendeza. La kwanza, jina lilifanana na kazi. Daraja likiitwa kwa jina la mjenzi wa madaraja, mtoto akiuliza, mzazi ana jibu fupi na la kweli. La pili, heshima ilikwenda kwa mtumishi ambaye watu wengi hawakumjua kwa sura. Mara nyingi twamsifu aliyekata utepe, na aliyepima udongo twamsahau.

Hata hivyo kuna jambo la kutufikirisha. Waulize wenye magari wa Dar es Salaam. Wengi bado watakuambia Tazara na Ubungo. Si kwa dharau. Jina la zamani limo katika miguu yao. Jina jipya huhitaji kusimuliwa miaka mingi kabla halijaingia kinywani, na asipokuwapo msimulizi, kibao hubaki chuma tu.

TSHOMBE NA SENDWE

Turudi nyumbani. Katika kiwanja kilicho mbele ya posta ya Lubumbashi, mahali njia za mji zinapokutana, imesimama sanamu ya Moïse Tshombe, na kiwanja chaitwa kwa jina lake. Si mbali sana na hapo iko hospitali kubwa ya mkoa, nayo ina jina la Jason Sendwe. Mgonjwa anaweza kupita kwa mmoja akienda kulala kwa mwingine. Wazee wetu wakiona hayo hunyamaza kidogo, maana watu hao wawili hawakuwa wa upande mmoja.

Tshombe alizaliwa mwaka 1919 huko Musumba, nchi ya Walunda, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Tarehe 11 Julai 1960 aliitangaza Katanga kuwa nchi peke yake, akaiongoza mpaka kujitenga huko kulipokoma mwezi wa Januari 1963. Sendwe alizaliwa mwaka 1917, Mluba wa Katanga, akasomea kazi ya kuwatibu wagonjwa, akawa msaidizi wa daktari. Aliongoza chama cha Balubakat kilichotaka Katanga ibaki ndani ya Kongo moja. Kati ya pande hizo mbili vita viliwaka kaskazini, vijiji vikachomwa, watu wengi wakafa. Katika mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya wakimbizi hapa mjini chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Na tarehe 17 Januari mwaka huo Patrice Lumumba alishushwa kwenye kiwanja cha ndege cha Luano akiwa amefungwa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku huo wote watatu waliuawa porini, si mbali na mji huu.

Mwisho wao viongozi hao wawili ulikuwaje? Sendwe aliuawa Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwezi wa Juni 1964. Tshombe alipata kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima tangu mwaka 1964 mpaka 1965, kisha akakimbia nchi, akatekwa angani mwaka 1967, akafa kifungoni Algeria tarehe 29 Juni 1969, akazikwa Ubelgiji. Hakuna kati yao aliyezeeka.

Nimesikia watu wakisema: Sanamu hii iondolewe. Wengine wasema: Jina lile lifutwe. Mimi nasema tutazame vema kabla ya kushika nyundo. Mji uliobeba majina ya wapinzani wawili si lazima uwe mji uliochanganyikiwa. Waweza kuwa mji unaojifunza kukaa na historia yake yote. Yule anayelia kwa ajili ya Lumumba na ndugu zake waliochomewa nyumba ana haki ya kulia mbele ya sanamu ile. Yule ambaye baba yake alimpenda Tshombe ana haki ya kuvua kofia. Kinachokatazwa ni mmoja kulichukua jina hilo kama jiwe la kumpiga mwenzake. Sisi wa Katanga twajua jinsi mawe ya namna hiyo yanavyoua. Mwaka 1992 na 1993 jirani waliwafukuza jirani zao kwa sababu tu wazee wao walitoka Kasai. Watu waliozaliwa hapa, waliobatizwa katika makanisa yetu, walilala kwenye vituo vya reli pamoja na watoto wao, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengine walikuwa hawajaiona. Wengi walifia njiani. Hao hawakuuawa na majina ya barabara, la. Lakini walifukuzwa kwa majina yao wenyewe.

Na jambo hili nalo lafaa kutazamwa: jina la Sendwe limekaa vema pale lilipo. Hakuna anayeingia hospitalini kuuliza siasa ya mwaka 1960. Aliyekuwa msaidizi wa daktari amepewa nyumba ya wagonjwa, na wagonjwa wa makabila yote hulala humo kitanda kwa kitanda.

LÉONARD MPOYI

Wako wengine ambao mji uliwakumbuka bila msaada wa kibao. Nitamtaja mmoja.

Mwaka 1941 dunia ilikuwa vitani. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi ikaongezwa, bei za nguo na chakula zikapanda, mishahara ya Weusi ikabaki chini. Wafanyakazi wazungu walikuwa wameanza kudai haki zao, na Weusi wakaona. Mwanzoni mwa Desemba kazi ilisimama Jadotville na Élisabethville. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Walichaguliwa wa kusema kwa niaba yao, na wa kwanza wao alikuwa Léonard Mpoyi, mfanyakazi mwenye elimu. Gavana Maron alifika mwenyewe pamoja na askari. Watu waliambiwa warudi kazini. Walikataa kuondoka bila jibu juu ya mishahara. Risasi zilipigwa. Mpoyi alianguka kati ya wa kwanza. Serikali yenyewe ilikiri wafu zaidi ya 40. Watu waliokuwapo walisema ni wengi kuliko hao.

Mpoyi hakushika bunduki. Hakuwa mwana wa mfalme. Alisimama mbele ya wenzake kwa sababu alijua kusema, nao walimwamini. Kwa muda mrefu habari hiyo haikuwa na kibao wala sherehe. Lakini haikufa. Baba walimsimulia mtoto jioni, kwa sauti ya chini. Katika miaka ya 1970 mchoraji wa mji huu, Tshibumba Kanda-Matulu, aliichora: askari upande mmoja, na wafanyakazi wakianguka. Alichora historia yote ya nchi katika picha nyingi, kwa rangi na vitambaa vya bei ndogo, na picha kama hizo zilitundikwa katika vyumba vya kukaribisha wageni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya Moyo Mtakatifu au ya arusi. Mchoraji huyo hakungoja amri ya baraza la mji. Ukuta wa chumba ukawa kibao cha barabara.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu likianza kutokeza. Wako watu ambao wakubwa huwapa jina, na wako watu ambao jina lao hulindwa na wadogo mpaka wakubwa waone haya. Huko Brussels, kando ya mtaa wa Wakongo uitwao Matonge, kiwanja kidogo kilipewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikimwita adui. Wakongo wa huko na rafiki zao walikuwa wameliomba kwa miaka mingi. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na kumbukumbu na uvumilivu.

KANISA HUNGOJA

Mama Kanisa ana desturi yake katika jambo hili, nayo ina hekima. Mtu akifa na sifa ya utakatifu, Kanisa halikimbilii kumtangaza. Kwa kawaida hupita miaka 5 kabla kesi haijafunguliwa. Kisha waliomjua huulizwa, waliompenda na wasiompenda. Maandiko yake husomwa, na sifa yake hupimwa.

Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, miaka 21 baadaye. Isidori Bakanja, kijana mfanyakazi aliyepigwa viboko kwa ajili ya skapulari yake, alikufa mwaka 1909. Alitangazwa mwaka 1994. Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie kuwadhuru watu, akatekwa na kuuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Mtazameni huyo wa mwisho. Hakuhubiri katika uwanja mkubwa. Alikuwa kijana wa ofisi, mwenye kalamu na muhuri, na utakatifu wake ulikuwa katika kutogonga muhuri. Goma nzima ilikula chakula bila kujua nani aliyekilinda. Mtu kama huyo angetangazwa siku ya maziko yake, wengi wangesema ni uchungu tu wa rafiki. Miaka 18 ilipita, maswali yakaulizwa, na jibu likabaki lile lile.

Kwa nini kungoja? Wazee wa pwani walisema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anayesifiwa angali hai yuko hatarini, na anayemsifu naye yuko hatarini, maana huenda anatafuta kazi. Mauti huondoa hatari ya kwanza, na muda huondoa ya pili. Likibaki jina baada ya hayo, basi lina mizizi.

YATUPASA NINI

Siku hizi mji wetu unakua upande wa Ruashi, upande wa Katuba, na katika komine ya Annexe. Kila mwaka huzaliwa njia panda ambazo bado zaitwa kwa jina la duka, la kinyozi au la mti uliokwisha kukatwa. Yatakuja majina mengine, tutake tusitake. Sisi makatekista na wazee wa jumuiya ndogo za Kikristu tusikae kimya tukingoja vibao vishushwe kutoka juu. Tukiulizwa, na hata tusipoulizwa, tuwe na neno la kusema.

Kwanza, tumtafute mtu aliyetumika. Yuko mkunga aliyepokea watoto wa mtaa kwa miaka 40. Yuko mwalimu aliyefundisha bila mshahara miezi ambayo serikali haikulipa. Yuko katekista aliyekwenda kwa baiskeli kuwatayarisha wagonjwa kabla padre hajafika. Hao hawako katika vitabu, lakini wamo katika vitabu vya Ubatizo na vya maziko vya parokia zetu. Hapo tuanze kusoma.

Pili, tungoje afe, na baada ya kufa tungoje tena kidogo. Asiyevumilia kungoja miaka michache hampendi marehemu, aitaka sherehe.

Tatu, jina lisiwekwe dhidi ya mtu. Likiwa ni la kuwaonyesha kabila fulani kwamba hapa si kwao, hata kama mwenyewe alikuwa mwema, tumemtukana kaburini. Njia panda ni mahali pa kukutania. Haifai kuwa mpaka.

Nne, kibao kisiandikwe jina tu. Chini yake yaongezwe maneno machache: huyu alikuwa nani, alifanya nini. Sanamu isiyo na maelezo huleta ugomvi au usingizi. Na maneno hayo yasimuliwe shuleni na katika mafundisho ya watoto, kwa maana chuma hushika kutu, na kinywa cha mtoto hakishiki.

Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba Bwana alipomtuma Anania kwa Saulo, alimtajia barabara ya kufuata huko Damasko, barabara yenye jina la unyofu, na mwenye nyumba pia akamtaja. Mungu wetu basi azijua barabara zetu kwa majina. Azijua za kale na za sasa, za amri na za moyo. Amjua Mpoyi kwa jina lake, na wenzake walioanguka pamoja naye ambao hatuna orodha yao. Awajua waliolala vituoni mwaka 1992.

Wazee husema njia mbili zilimshinda fisi, kwa sababu alizitaka zote kwa tumbo lake. Mkristu afikapo njia panda ana kazi nyingine: kuuliza nani alipita hapa kabla yake, aliubeba mzigo wa nani, na alielekea wapi. Mji ukiweza kujibu maswali hayo mbele ya watoto wake, majina yake yatadumu kupita serikali nyingi. Wema hauozi. Na waamini marehemu wote, wenye majina kwenye vibao na wasio nayo, kwa huruma ya Mungu wapumzike kwa amani.